Manyoya Meupe ya Mto wa Harusi

Kjógvavík, 19 Mei 2006

Kwa Bwana Daktari Sakaris,

Simu umeninyima. Kila nikipiga, yule msichana wa makumbusho ananiambia "Daktari yuko kikaoni," na nyuma yake nakusikia wewe ukikohoa. Kikao gani hicho cha mtu mmoja na kikohozi chake? Basi nakuandikia. Barua huwezi kuikatia, labda uichome.

Kuna ndege wawili wa kjógvi, weupe, huku malishoni juu ya kijiji, upande wa kijito. Dume na jike. Migongo ya kahawia kama kawaida, lakini vifua na matumbo meupe pe! Nakusikia unavyocheka: "Malan ameona shakwe." Tangu lini shakwe akamkimbiza mwenzake angani mpaka amtapishe samaki, kisha akamdaka yule samaki kabla hajafika majini? Nimewaona wakiiba hivyo mara tatu leo asubuhi. Wezi kamili, ila wamevaa shati jeupe.

Najua hupendi kusikia. Umejenga jina lako kwa kuwaambia watu kwamba kjógvi wa visiwa vyetu ni weusi kwa sababu ya ukungu. Eti mweusi akija ndani ya ukungu, anayeibiwa hamwoni mpaka yuko shingoni. Mweupe anaonekana mapema, analala njaa, hazai. Karne zikapita, weupe wakaisha huku na kubaki kaskazini kwenye barafu. Umeimba wimbo huo kwenye kila mkutano wenye kahawa ya bure. Haya, hawa wanakula na kunenepa, na ukungu wa wiki nzima ulikuwa mzito kiasi kwamba kondoo waligongana.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya nadharia yako, iozee huko huko. Mama yangu anataka wapigwe bunduki.

Hili hukuwahi kuliuliza, ingawa ulilala juu yake miaka yote ya ndoa yetu. Kijijini kwetu msichana hatoki kwao bila mto wa manyoya ya kifua ya kjógvi mweupe. Ya mweusi hayafai, maana yanaleta mume mwizi. Mimi nilikuja kwako na mto huo. Ulikuwa unasema "mto mzuri" na kugeukia ukutani. Sasa weupe walipoadimika, wazee wamekuwa wakifumua mito ya zamani kushona mipya, na wa binti yetu Sólrun umefika nusu tu. Mama ana miaka themanini na minne, harusi ni Agosti, na ghafla Mungu anamshushia ndege wawili weupe karibu na mlango. Amelia kwa furaha. Kaka yangu Ragnar ameshatoa bunduki darini. Wanangoja Jóansøka tu, tarehe 24 Juni, maana kabla ya sikukuu hiyo ni mwiko kuwagusa.

Nimemkataza Mama. Amenijibu mbele ya Ragnar: "Aliyeacha mume hana neno kwenye mto wa harusi." Ndiyo desturi. Wenye neno ni wawili: bibi harusi mwenyewe, au baba yake. Mmoja wao akisema "mto umejaa", bunduki inarudi darini, na hakuna atakayenung'unika.

Sólrun hanijibu tangu nilipomwita yule mchumba wake Høgni mbeba mikoba wa baba mkwe. Kwa hiyo umebaki wewe. Mpigie Mama, sema maneno mawili. Hata wewe unaweza kusema maneno mawili bila kuongeza tanbihi.

Malan


Havn, 26 Mei 2006

Mama Sólrun,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma mara moja, imetosha.

Ulichokiona ni shakwe, au kjógvi wa kaskazini aliyepotea njia, ambaye ataondoka upepo ukigeuka. Hilo hutokea, na halina maana yoyote kisayansi. Jozi nyeupe ikiatamia kwenye nyanda zetu ni jambo ambalo halijathibitishwa na mtu yeyote anayejua kutofautisha anachokiona na anachokitamani. Wewe, kwa bahati mbaya, tangu tuliposoma Copenhagen ulikuwa hodari maabara na kipofu malishoni. Nani alimhesabu ndege mwari mmoja mara mbili kwa sababu alikaa kidogo akageuka?

Kuhusu mto: nilikuwa najua kwamba una manyoya. Sikujua kwamba kijiji chenu kimeufanya uwe dini, lakini sishangai. Watu wanaoamini kwamba mume mwizi anatokana na rangi ya godoro wanastahili waume wanaowapata.

Unataka nimpigie mama yako. Mama yako huyo ndiye aliyesema mezani, mbele ya askofu, kwamba mimi ni "mtu wa Havn, mwenye vitabu vingi na kuni chache." Nimpigie nimwambie mto umejaa, wakati siujui mto, siujui ulivyojaa, na siamini kwamba ndege hao wapo? Watu watasema Sakaris mwenyewe amewatambua weupe wa Kjógvavík. Kesho yake itakuwa gazetini. Nakufahamu, Malan. Hukuwahi kuomba kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mwambie binti yako mwenyewe, mdomo unao. Mimi simpelekei ngano za ndege msichana anayehangaika na harusi.

Sakaris


Kjógvavík, 2 Juni 2006

Bwana Mkubwa,

Mwari mmoja! Miaka ishirini na mbili, bado unamfuga huyo mwari! Ungeyakumbuka hivyo mambo ya nyumbani kwako, leo ningekuwa nakuandikia kutoka chumba cha pili.

Shakwe wako wametaga. Mayai mawili, rangi ya matope, kwenye majani makavu karibu na kijito. Nilipokaribia, jike alinishukia kichwani. Nilikuwa na fimbo juu ya kofia kama tunavyofundishwa tukiwa watoto, ili ndege apige fimbo badala ya kichwa, akaiacha fimbo akanipiga sikio. Nenda kawaulize shakwe wa bandarini kwenu kama wana adabu ya namna hiyo.

Sasa nikuelezee kitu, na nitakwenda polepole kwa sababu wewe ni mtu wa makumbusho, umezoea vitu vilivyokufa.

Rangi ya kjógvi inashikwa zaidi na jeni moja. Ndege anapata nakala moja kwa baba, moja kwa mama. Nakala mbili za giza, anatoka mweusi tii. Moja ya giza na moja ya weupe, anatoka kahawia, na mtu wa mbali humwita mweusi vilevile. Mweupe ni yule tu aliyepata weupe kwa baba na weupe kwa mama. Haya unayajua, ulinakili daftari langu. Lakini maana yake hukuifikiria. Weupe unaweza kukaa ndani ya wale wa kahawia vizazi na vizazi bila mtu kuuona, mpaka siku kahawia wawili waoane. Kwa hiyo hawa wangu hawahitaji kupotea njia kutoka kaskazini. Wanaweza kuwa wazaliwa wa hapa hapa, wajukuu wa hapa hapa.

Basi kwa nini wakawa adimu hivi? Wewe unasema ukungu. Mimi majira ya baridi nilikaa na Mama tukishona, nikaangalia vidole vyake. Anafumua mto wa bibi yake, anatoa manyoya meupe. Anafumua wa mama wa bibi yake, meupe. Kila nyumba ya kijiji hiki, kila bibi harusi, mto mzima wa vifua vyeupe, na kifua kimoja hakijazi hata konzi mbili. Sakaris, tumia kichwa. Watu hawa wamekuwa wakichagua weupe tu na kuwaacha weusi, kama mtu anayechambua mchele, tangu kabla ya kanisa kujengwa. Ungebaki na rangi gani?

Ukungu haukufanya kitu. Ni mabibi harusi.

Nilimtumia Bodil wa maabara ya Copenhagen manyoya kutoka mito minne, pamoja na ya weusi wa sasa niliyookota malishoni. Majibu bado. Ndege wana mpaka Jóansøka. Mpigie Mama.

Malan

Sólrun sijampigia. Nikimpigia ataona nimeshindwa juu ya Høgni. Wewe anakuja kwako kila Jumapili kula mguu wa kondoo. Ungemwambia kati ya nyama na kahawa, mdomo ukiwa umejaa. Si ndivyo unavyosema mambo yote?


Havn, 9 Juni 2006

Mama Sólrun,

Mito. Umeniletea mito.

Nimekaa na wasomi wa nchi nyingi, nimeshapingwa kwa takwimu, kwa mifupa, kwa picha za angani. Sijawahi kupingwa kwa matandiko. Hongera.

Manyoya ya mto hayana anuani. Nani kakuambia hayakununuliwa kwa mabaharia kutoka Iceland? Nani kakuambia si ya kuku? Hata Bodil akikuambia ni ya kjógvi, hatakuambia yule ndege alizaliwa kilima gani. Na kumbuka kwamba nadharia ya ukungu imesimama miaka ishirini, imetafsiriwa, inafundishwa. Siibomoi kwa sababu mwanamke mmoja amekosana na mama yake kuhusu foronya.

Wala usinipangie cha kusema mezani kwangu. Jumapili iliyopita Sólrun alikuja, tukala vizuri, akaniuliza kama nitavaa vazi la kienyeji lenye vifungo vya fedha siku ya harusi. Nikasema ndiyo. Alifurahi. Ulitaka niiharibu furaha hiyo kwa hadithi ya bibi yake na bunduki? Na akiniuliza kwa nini wewe hukumwambia, nimjibu nini? Kwamba mama yake anaweza kuokoa ndege, ila hawezi kusema "samahani" kwa kijana wa watu?

Nina kazi. Usiniandikie tena kuhusu jambo hili mpaka uwe na kitu ambacho hakijalaliwa.

Sakaris


Kjógvavík, 16 Juni 2006

Sakaris,

Majibu yamekuja. Nakala iko ndani ya bahasha, usome mwenyewe, usimpe katibu wako akusomee.

Si kuku. Ni kjógvi, mito yote minne, na kila unyoya aliopima Bodil una nakala mbili za weupe. Lakini si hilo. Wale waliokufa miaka mia na hamsini iliyopita ni ndugu wa weusi wetu wa leo, damu moja, si wageni wa Iceland wala wa barafuni. Walizaliwa juu ya kichwa changu hapa. Walikuwa wengi mno, ndani ya ukungu uleule, wakiiba samaki walewale, wakishiba. Kuna kundi la weusi huku kwa sababu moja tu: weupe tuliwalalia.

Na kati ya wale weusi niliowaokotea manyoya, karibu nusu ni kahawia wenye weupe ndani. Ndiyo maana hawa wawili wametokea. Wakiachwa wazae, kila kifaranga wao atakuwa mweupe, maana hawana kingine cha kumpa. Hii ingekuwa mara ya kwanza watu waone kwa macho yao rangi inarudi mahali ilipofutwa, na sababu ya kufutwa inajulikana mpaka jina la fundi. Wewe hukupata kitu kama hiki maisha yako yote. Wala mimi. Nimekaa usiku na karatasi hizi mapajani, na aibu niseme, nilitaka kumwonyesha mtu, na mtu niliyetaka kumwonyesha ni wewe. Nikajidharau.

Mayai yako karibu kuanguliwa. Ragnar ameipaka bunduki mafuta. Mama amefua foronya ya Sólrun na kuipiga pasi, iko kwenye kiti mlangoni, kila nikipita naiona. Jana nilipiga magoti, mimi, mbele ya mama yangu. Akanisikitikia, akasema, "Si neno lako, mwanangu. Nitamuuliza mwenyewe akija. Bibi harusi akisema umejaa, umejaa."

Baba Sólrun, nakuomba. Unaona nimeandika neno hilo. Usimwambie mtu nimekuwa mpole, ila fanya. Mwambie Sólrun aseme umejaa, au sema wewe. Kitabu chako kibaki kabatini, sitakigusa. Nitakuachia uchapishe mwenyewe kwamba ulikosea, useme umegundua peke yako. Ila ndege wabaki.

Malan


Havn, 23 Juni 2006

Malan,

Sikuamini karatasi za Bodil. Nilizisoma mara nne nikitafuta kosa, sikupata hata moja, nikakasirika nikapanda mashua.

Ndiyo, nilikuja. Juzi Jumatano. Sikupita nyumbani kwenu, na wala sitaomba radhi kwa hilo. Mama yako angenipa nyama ya kukausha na kunihesabia matonge. Nilipanda kwa njia ya nyuma na darubini. Goti liliniuma sana.

Ni kjógvi. Weupe, wote wawili.

Mayai yameanguliwa. Nilitaka kuona vifaranga, nikasogea, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Havn sikuwa na fimbo. Yule jike alinipiga kisogoni mpaka kofia ikaenda zake kijitoni. Nilikaa chini kwenye tope. Halafu ukungu ukashuka, nikamwona dume akitoka humo na samaki mdomoni, mweupe kama shuka, na shakwe aliyeibiwa alikuwa bado anazungukazunguka hajui kimetokea nini. Ndani ya ukungu, Malan. Mweupe. Alifanikiwa kama vile sura ya nne ya kitabu changu haijawahi kuandikwa.

Usidhani nimefurahi. Nimeandika upuuzi kwa miaka ishirini, na aliyenionyesha ni wewe, kwa mito. Sijui lipi kati ya hayo mawili linaniuma zaidi. Lakini mimi si mtu wa kutazama kitu kama kile kisha nikasema sikukiona.

Nimeandika barua ya makumbusho kwa wenye malisho. Ragnar ataitumia kuwashia jiko, najua. Kwa hiyo Jumapili Sólrun akija kula nitamwambia yote, nimeshapanga nianzie wapi. Nilifikiria kumpigia simu leo, nikaacha. Kwenye simu swali lake la kwanza litakuwa "Baba, umejua tangu lini?" na jibu ni Mei. Ana kwa ana naweza kumweleza vizuri, jambo lina maelezo yake.

Kesho ni Jóansøka, Ragnar atakuwa amelewa. Jumapili hagusi hata kisu cha mkate. Tuna mpaka Jumatatu. Kuwa mtulivu mara moja katika maisha yako.

Sakaris

Lile la kuchapisha kwa jina langu peke yangu ni tusi. Tutaandika majina mawili. Lipi litangulie, tutabishana.


Havn, 27 Juni 2006

Mama, Baba,

Nimeandika barua moja, nimeitoa nakala, kila mtu apate yake. Siku hizi ndivyo mnavyowasiliana, nami nimeona nijiunge na ukoo.

Kuna mambo ya Jumamosi na ya Jumapili ambayo sikuyasema yote. Sasa nayasema.

Alhamisi bibi alinipigia simu. Aliniambia kuna ndege wawili weupe, Mungu amenikumbuka, akaniuliza, "Mto wako umejaa, mwanangu?" Mimi nimekulia Havn. Nimelelewa kwamba mzee akikumiminia kahawa, hufuniki kikombe. Akikuuliza umeshiba, unasema bado kidogo, ili ajue unathamini mkono wake. Nikasema, "Bado kidogo, bibi." Nilisema kwa adabu! Bibi alicheka kama msichana. Nami nikajisifu moyoni kwamba angalau kuna mtu mmoja wa upande wa mama ninayejua kuzungumza naye.

Jumamosi nikapanda mashua na Høgni kwenda kumsaidia kushona. Mama, ulikuwa gatini. Nikadhani umekuja kunipokea. Nikasema moyoni, amemkubali Høgni, ameshusha pumzi, baada ya miezi yote hii. Kumbe ulikuwa unasubiri barua ya Baba, ulikuwa unatazama mfuko wa posta nyuma yangu. Halafu bunduki ikalia kule juu, mara mbili. Nami, mjinga, nikakushika mkono nikasema, "Ni manyoya yangu hayo!" Nilisema kwa furaha. Sitausahau uso wako, na sitakusamehe haraka kwamba niliusoma pale gatini ndipo nikaanza kujua.

Høgni ndiye aliyepanda kutafuta vifaranga. Yule mbeba mikoba. Ulipokuwa umejifungia chumbani unalia, yeye alikuwa kwenye tope bila viatu vya maana, mvua inanyesha, anatafuta vitu viwili vidogo visivyozidi ngumi. Aliwapata jioni. Walikuwa wamekufa kwa baridi, wamelaliana. Amewafukia, hakutaka niwaone.

Na wewe, Baba. Jumapili nilikuja kama kawaida. Nilikuwa ninajua kila kitu, na nilikuwa nimekuja kukwambia. Ukaweka uma chini, ukakohoa, ukaanza. Ulikuwa umeandaa hotuba! Jeni moja, nakala mbili, kahawia na kahawia. Ulieleza vizuri, sikatai. Nilijua unajivunia kwamba kwa mara ya kwanza unasema ulikosea. Nikakuacha umalize. Nilitaka nione itakuchukua muda gani kufika kwenye sehemu inayonihusu mimi. Ilikuja baada ya kahawa.

Nilipokwambia wameshapigwa, ukasema la kunifariji: eti jeni haijapotea, imejificha ndani ya wale wa kahawia, ipo siku itatokea tena. Huenda. Lakini hawa wawili walikuwa wameshatokea, Baba.

Wiki tano nzima mmeandikiana. Mama amenisomea, jikoni, zile barua zote za Baba, na zake mwenyewe amezikumbuka neno kwa neno, anazipenda mno. Mnajua kutukanana, Mungu awabariki. Nilicheka mahali fulani, halafu nikaona haya. Kila barua ina jina langu. "Mwambie Sólrun." "Mwambie wewe." Watu wawili mliosoma mpaka mkachoka mlijua tangu Mei kwamba neno langu moja linatosha, na hakuna aliyekuwa na dakika moja ya kunipa neno hilo. Mama aliona akinipigia atakuwa ameshindwa. Baba aliona nitamuuliza tangu lini. Basi nawauliza wote: tangu lini?

Sina hasira na bibi, wala na mjomba Ragnar. Wao walifanya walichoambiwa, na aliyewaambia ni mimi.

Harusi ipo. Mtakuja wote wawili, wiki moja kabla, mkae Kjógvavík nyumba moja, mle nyama ya bibi bila kuhesabiana matonge. Makala yenu andikeni, majina mawili au kumi, hilo halinihusu. Msitie humo jina la bibi.

Maana bibi hajui kwamba mito ndiyo iliyowamaliza weupe, wala kwamba "bado kidogo" yangu ilikuwa adabu tu. Nimemkataza mjomba asimwambie, na nawakataza ninyi. Ana miaka themanini na minne, ameumaliza mto, ameushona kwa mkono kwa sababu anasema mashine inaumiza manyoya. Anadhani ni kitu kizuri kuliko vyote alivyofanya tangu ajaliwe wajukuu. Siku mtakapofika atawaita chumbani, atafunga mlango, atauweka mapajani kwenu, kwanza kwa Mama, halafu kwa Baba. Mtaubonyeza. Mtasema haujapata kuonekana mto kama huu, na mtasema hivyo mkimtazama machoni, na mkitoka humo ndani mmoja wenu asimtupie mwenzake hata neno moja.

Sólrun